Kupunguza Gharama za Ukaguzi wa Mwaka wa Ndege Ndogo Binafsi

Mtu anunuapo ndege ndogo yenye injini moja, aghalabu bei ya ununuzi ndiyo inayomshughulisha, na matengenezo huwa ni jambo la kufikiriwa baadaye. Baadaye hiyo huja upesi. Kampuni ya Cessna ilisimamisha uundaji wa ndege zake ndogo za injini moja ya pistoni mwaka 1986, ikaurejelea mwaka 1996. Kwa hiyo ndege nyingi za bei nafuu zilizomo sokoni zina umri unaozidi ule wa rubani anayezirusha. Mwili wake umekwisha kupita katika mikono mingi, na kila mkono umeacha kitu: kiraka hapa, waya usiojulikana uendako pale, kutu iliyopakwa rangi juu yake. Mambo hayo yote hujitokeza siku ambayo ndege inafunguliwa kwa ukaguzi wa mwaka, na mmiliki ndiye anayeyalipia.

Makala haya yanamlenga mmiliki huyo, awe ni mkulima mwenye kiwanja chake cha nyasi, mfanyabiashara anayeegesha ndege Wilson, au wanachama watatu wanne walioungana kununua ndege moja. Nia yake ni kuonyesha mahali ambapo fedha hupotea bila faida, na mahali ambapo fedha ikizuiwa maisha huwekwa rehani.

Unalipia nini hasa

Ankara ya ukaguzi wa mwaka ina sehemu mbili ambazo wamiliki wengi huzichanganya. Ya kwanza ni ukaguzi wenyewe: kufungua vifuniko, kuchunguza kila sehemu kwa mujibu wa orodha, kupima, kupaka grisi, kulinganisha kumbukumbu na maagizo ya usalama, na kufunga tena. Kazi hii inajulikana urefu wake, na karakana yenye uzoefu wa aina ya ndege yako inaweza kukutajia bei yake kabla ya kuanza. Sehemu ya pili ni marekebisho ya yale yaliyoonekana, na hii haina kikomo mpaka wewe mwenyewe ukiweke. Karakana mbili zinaweza kutoza bei moja ya ukaguzi, lakini moja ikakurudishia ndege kwa bei hiyo pamoja na nyongeza ndogo, na nyingine ikakuletea ankara mara tatu yake. Usilinganishe karakana kwa bei ya ukaguzi pekee. Uliza pia saa moja ya fundi hutozwa kiasi gani, na ni nani anayeamua kwamba kitu fulani kitengenezwe.

Swali hilo la mwisho ndilo kiini. Katika orodha ya kasoro ambayo fundi atakuletea kuna mambo ya aina tatu, na ni haki yako kujua kila moja liko katika aina ipi. Yapo ambayo bila kutengenezwa ndege haistahiki kuruka, na hapo hapana mjadala. Yapo ambayo muundaji wa ndege au wa injini ameyapendekeza katika taarifa zake za huduma, lakini ambayo si lazima kwa kila mmiliki katika kila nchi. Na yapo ambayo fundi, kwa maoni yake, angependa yafanywe kwa kuwa ndege imekwisha kufunguliwa. Aina hii ya tatu si ulaghai. Mara nyingi ni ushauri mwema, kwani kufungua mara moja ni rahisi kuliko kufungua mara mbili. Lakini ni ushauri, na ushauri hujibiwa na mwenye mali.

Maagizo ya ustahiki wa kuruka yamo katika aina ya kwanza. Hutolewa na mamlaka ya nchi ilikobuniwa ndege, na kwa Cessna na Piper hiyo ni Marekani. Mamlaka ya nchi ilikoandikishwa ndege huyafuata na huweza kuongeza yake. Baadhi hutimizwa mara moja yakaisha. Mengine hurudiwa kila baada ya saa kadhaa au kila mwaka, na hayo ndiyo yanayokula fedha kimyakimya. Agizo linalohusu reli za viti vya Cessna ni mfano unaojulikana: matundu ya reli na pini zinazokishika kiti hupimwa tena na tena, kwa sababu pini ikichomoka wakati wa kupaa, kiti huteleza nyuma pamoja na rubani, naye kwa kujishikilia huuvuta usukani. Kwa agizo lolote linalorudiwa, muulize fundi kama kipo kipuri kipya ambacho kikifungwa kitalimaliza agizo. Wakati mwingine kipo, na gharama yake hujilipa katika kaguzi mbili au tatu.

Cessna ilitoa pia, mwanzoni mwa muongo wa 2010, nyaraka za ukaguzi wa ziada wa ndege zake za zamani, zinazodai kuchunguzwa kwa kina kwa sehemu za mbawa, miguu na mkia. Kazi hiyo ni ndefu na si rahisi. Nchi mbalimbali zimeichukulia kwa namna mbalimbali: Australia iliifanya lazima, ilhali Marekani haikumlazimisha mmiliki binafsi. Mtu anayetaka kununua ndege ya miaka ya 1970 ni vyema aulize mamlaka ya nchi yake, kwa maandishi, nyaraka hizo zinamhusu kwa kiasi gani, kisha atazame katika kumbukumbu za ndege kama zimekwisha kutekelezwa. Tofauti ya bei kati ya ndege iliyofanyiwa kazi hiyo na ile isiyofanyiwa inaweza kuonekana kubwa kwa muuzaji na ndogo kwa mnunuzi, au kinyume chake, kutegemea nani amesoma kumbukumbu.

Ndege isiyoruka ndiyo ghali

Wamiliki wengi huamini kwamba ndege ikiegeshwa haitumii kitu. Kwa gari huenda jambo hilo lina ukweli fulani. Kwa injini ya ndege ni kinyume kabisa.

Injini za Lycoming, zilizomo katika Cessna 172 nyingi na Piper nyingi, zina kamshafti iliyowekwa juu ya krankishafti. Injini inapozimwa, oili huanza kuteremka kwenda chini, na baada ya wiki kadhaa utando uliobaki juu ya kamshafti huwa mwembamba mno. Unyevu uliomo ndani ya injini hukutana na chuma kitupu, na kutu huanza kama vidoa vidogo visivyoonekana kwa macho bila kuifungua injini. Siku injini inapowashwa, vidoa hivyo husagana na vipande vinavyosukuma vali, na chuma huanza kumeng'enyuka. Tiba yake ni kuitenganisha injini. Hakuna ukaguzi wa mwaka ulio ghali kuliko ule unaokuta vipande vya chuma ndani ya chujio la oili.

Hesabu yake ni hii. Lycoming inapendekeza injini ya O-320 ya kawaida ifanyiwe ukarabati mkuu ifikapo saa 2,000, au itimizapo miaka 12, lolote litakalotangulia. Mmiliki anayeruka saa 50 kwa mwaka angehitaji miaka 40 kufikia saa hizo. Kwake yeye, basi, saa hazina maana kubwa. Kinachoiua injini yake ni kalenda na kutu. Tuseme ukarabati mkuu utagharimu shilingi milioni 5. Mwenye kuruka saa 150 kwa mwaka atakuwa ametumia saa 1,800 katika miaka 12, na kila saa itakuwa imebeba takriban shilingi 2,800 za injini. Mwenye kuruka saa 50 atakuwa ametumia 600 tu, na kila saa yake itakuwa imebeba zaidi ya shilingi 8,300. Hapa ndipo umiliki wa pamoja unapoonyesha faida yake. Watu wanne wanaoruka ndege moja kila wiki huigawana ankara na, wakati huohuo, huipa injini mazoezi inayoyahitaji. Wakiwa na busara, huweka akiba ya kila saa wanayoruka katika akaunti isiyoguswa kwa jambo jingine, na waliandike hilo katika mkataba wao kabla ya urafiki kujaribiwa na ankara ya kwanza.

Kwa ndege zilizo pwani, hasara ya kukaa ni mara mbili. Hewa ya Mombasa, Malindi au Zanzibar ina chumvi, na chumvi hula alumini kuanzia pale bati mbili zinapoungana, mahali ambapo maji hubaki. Kuiosha ndege kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kuomba karakana ipulize dawa ya kuzuia kutu ndani ya mbawa na mkia kila inapofunguliwa, ni gharama ndogo ikilinganishwa na kung'oa ribiti na kubadilisha bati.

Jambo moja lisifanywe kamwe kama mbadala wa kuruka: kuwasha injini ardhini kwa dakika kumi kila Jumamosi ili “isilale”. Mwako wa petroli huzaa maji, na oili isipopata joto la kutosha maji hayo hayafukizwi. Hubaki ndani na kufanya kile ulichodhani unakizuia. Oili inapaswa kufika kiasi cha nyuzi 82 za Selsiasi na kukaa katika joto hilo kwa muda, na hilo hupatikana angani, katika safari ya nusu saa au zaidi. Kama ndege haitaruka kwa miezi kadhaa, mwombe fundi aihifadhi kwa utaratibu wa muundaji, ambao ni pamoja na oili maalumu ya uhifadhi na vifyonza unyevu badala ya plagi.

Oili, plagi na vumbi

Hakuna fedha inayotumiwa vizuri zaidi kuliko ile ya oili. Pendekezo la Lycoming ni kuibadilisha kila saa 50 kwa injini yenye chujio kamili, kila saa 25 kwa ile yenye wavu tu, na kwa vyovyote vile kila baada ya miezi minne. Kifungu hicho cha miezi minne ndicho husahauliwa, nacho ndicho kinachomhusu zaidi anayeruka kidogo, kwa kuwa oili ya zamani huwa imebeba asidi na maji. Kila chujio linapoondolewa likatwe na karatasi yake itandazwe chini ya taa nzuri; omba kuiona. Sampuli ya oili ipelekwe maabara kila mara, kwa jina la injini hiyohiyo, kwa maana jibu moja la maabara halisemi mengi, ila majibu manne yanayofuatana husema kama chuma kinaongezeka. Wenye injini ya O-320-H2AD, iliyofungwa katika Cessna 172 za mwaka 1977 hadi 1980, wana sababu ya ziada: injini hiyo ilipata sifa mbaya kwa kuchakaa kwa kamshafti, na agizo la mwaka 1980 linadai kiambato maalumu katika oili yake. Baadhi ya oili za ndege huwa tayari zimechanganywa nacho, hivyo soma kopo kabla ya kununua mara mbili.

Plagi nazo huchafuka kabla ya wakati katika nyanda zetu za juu, na sababu yake ni tabia ya rubani kuliko ubora wa plagi. Petroli ya ndege aina ya 100LL bado ina risasi. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na Arusha zaidi ya futi 4,500. Huko hewa ni nyepesi, na injini ikiachwa ardhini na mchanganyiko uliojaa mafuta kama ilivyo desturi ya viwanja vya pwani, hupewa mafuta kuliko inavyoweza kuunguza. Risasi hujikusanya katika plagi za chini kama shanga ndogo za kijivu. Rubani anayepunguza mafuta kwa wenzo wake wakati wa kutembea ardhini, kwa kufuata kitabu cha ndege yake, huokoa plagi na saa za fundi za kuzisafisha, bila kulipa hata senti.

Vumbi la viwanja vya murram halihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa huku. Chujio la hewa lililotoboka au lisilokaa vizuri hupitisha mchanga hadi katika silinda, na silinda iliyosagwa na mchanga haiponi. Rafadha, ambayo wengine huiita pangaboi, hupigwa na mawe wakati wa kuongeza nguvu ndege ikiwa imesimama. Acha ndege ianze kutembea kwanza ndipo uongeze nguvu. Jeraha dogo kwenye ukingo wa rafadha hulainishwa na fundi kwa dakika chache. Likiachwa, laweza kuwa ufa, na rafadha iliyokatika ncha hutikisa injini hadi kuing'oa katika vishikizo vyake.

Kabla ya kuipeleka karakana

Fundi hutoza kwa saa, na saa nyingi za ukaguzi hazitumiki kwenye injini. Hutumika kupekua makaratasi. Mmiliki anayeleta sanduku lenye vitabu vitatu vya kumbukumbu, risiti zilizochanika na fomu za mwaka wa nyuma zisizo na mpangilio, amemwajiri fundi wa ndege kuwa karani. Tengeneza jalada moja lenye orodha ya maagizo yote yanayohusu mwili wa ndege, injini, rafadha na vifaa, pamoja na tarehe na saa kila agizo lilipotimizwa na lini litarudi. Nambari za utambulisho wa vipuri vyenye ukomo wa maisha. Na uzito wa ndege wa mara ya mwisho. Mara moja likishatengenezwa, kulihuisha ni kazi ya jioni moja kwa mwaka. Hifadhi nakala mahali pengine. Ndege iliyopoteza kumbukumbu zake hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na wakati mwingine hulazimika kurudia kazi ambazo zilikwisha kufanywa kwa uaminifu.

Ilete ndege ikiwa safi, hasa tumbo na chumba cha injini. Hii si adabu tu. Uvujaji wa oili hauwezi kufuatiliwa chini ya matope ya mwaka mzima, na kuosha kwa kiwango cha malipo ya fundi ni anasa. Andika pia kasoro zote ulizoziona mwaka mzima, hata zile zinazokuja na kuondoka: redio inayokatika ndege ikikata kona, breki ya kushoto inayolegea, kipimo cha mafuta kinachodanganya. Fundi anayeambiwa hutafuta kwa dakika ishirini. Asiyeambiwa hutafuta asubuhi nzima, au hatafuti kabisa.

Baadhi ya karakana humruhusu mmiliki kusaidia: kuondoa viti na zulia, kufungua vifuniko vya ukaguzi, kusafisha, kufunga tena chini ya usimamizi. Akiba yake inaweza kuwa kubwa, lakini faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba mmiliki huiona ndege yake ilivyo ndani. Panga jambo hili mapema, kwa sababu si kila karakana inalitaka, na mmiliki anayepoteza skrubu na kuuliza maswali kila dakika tano hugharimu kuliko anavyookoa.

Kuhusu kazi ambazo mmiliki anaweza kuzifanya mwenyewe bila fundi, tahadhari inahitajika. Sheria ya Marekani inampa rubani mmiliki wa ndege isiyo ya biashara orodha ndefu ya kazi ndogo, kama vile kubadilisha oili, matairi, betri, balbu na plagi, mradi aziandike katika kumbukumbu kwa saini na nambari ya leseni yake. Wamiliki wetu husoma hayo katika vitabu vya Kimarekani na kudhani yanawahusu. Yanazihusu ndege zilizoandikishwa Marekani, zenye herufi N ubavuni. Ndege yenye herufi 5Y, 5H au 5X inatawaliwa na kanuni za Kenya, Tanzania au Uganda na mpango wake wa matengenezo. Pata jibu la mamlaka husika kwa maandishi kabla ya kushika bisibisi. Kazi isiyo na idhini huweza kukibatilisha cheti, na bima iliyotegemea cheti hicho ikabatilika nacho.

La mwisho kabla ya kukabidhi funguo ni mkataba. Uwe mfupi na uwe wa maandishi: bei ya ukaguzi na yaliyomo ndani yake, malipo ya saa, faida inayoongezwa juu ya bei ya vipuri, tarehe ya kumaliza, na sentensi moja isemayo kwamba hakuna marekebisho yatakayoanza kabla mmiliki hajapewa orodha ya kasoro zote pamoja na makadirio, na kuidhinisha kila moja kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha, mradi umehifadhiwa. Ongeza kwamba vipuri vyote vilivyoondolewa virudishwe kwako, isipokuwa vile vinavyorejeshwa kiwandani kwa kubadilishana. Karakana nzuri haitachukizwa na masharti haya. Nyingi zina fomu zake tayari.

Fundi anaposema “silinda imechoka”

Hakuna kasoro inayozua ankara kubwa za ghafla kama silinda yenye mgandamizo hafifu. Kipimo hufanywa kwa kuingiza hewa yenye shinikizo la 80 katika silinda na kusoma kinachobaki. 74 juu ya 80, kwa mfano, ni silinda njema. Kwa Lycoming, somo linaloshuka chini ya 60 ni sababu ya kufikiria kuiondoa silinda. Lakini somo moja la injini iliyopoa si hukumu. Omba ndege irushwe, na kipimo kirudiwe injini ikiwa moto; si nadra somo kupanda sana kwa sababu ringi zimejipanga upya. Kisha uliza hewa inatokea wapi. Mluzi kwenye ekzosi humaanisha vali ya moshi. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Kwenye njia ya hewa, ni vali ya kuingiza. Fundi mwenye kamera nyembamba ya kuchungulia ataingiza jicho lake kupitia tundu la plagi na kukuonyesha picha ya vali yenyewe. Vali inayoungua upande mmoja huonekana wazi kwa rangi zake zisizolingana duara kamili, na hiyo haisubiri. Continental, kwa injini zake, huelekeza kamera hiyo itumike pamoja na kipimo, na kipimo kilinganishwe na kifaa maalumu badala ya nambari moja isiyobadilika. Injini zake huweza kusoma chini kuliko za Lycoming na zikawa na afya.

Kutoa silinda moja pale panapostahili ni busara. Kutoa zote nne kwa sababu moja imeshuka ni jambo la kuuliza maswali, kwani kila silinda inayong'olewa na kufungwa tena ni nafasi mpya ya kosa katika kukaza nati zake.

Vipuri

Kipuri cha ndege hakinunuliwi kwa umbo. Kinunuliwa kwa cheti: fomu ya 8130-3 kutoka Marekani, Fomu ya 1 kutoka Ulaya, au inayotambuliwa na mamlaka yako. Zipo njia halali za kulipa kidogo. Kampuni zisizo za muundaji wa ndege huruhusiwa na mamlaka ya Marekani kuunda vipuri mbadala vilivyoidhinishwa, na bei yake huwa pungufu. Vifaa kama stata, altaneta na magneto huweza kukarabatiwa katika karakana maalumu badala ya kununuliwa vipya. Kipuri kilichotumika nacho ni halali kikiwa na cheti cha kukaguliwa. Kisicho na karatasi, hata kikiwa kinang'aa katika kifurushi chake, hakina bei iliyo nafuu ya kutosha.

Agiza mapema vile unavyojua vitahitajika: vichujio, gasketi, matairi, betri. Usafirishaji wa haraka wa kipuri kimoja kutoka ng'ambo, pamoja na ada za bandari na siku ambazo ndege inakaa katika hanga ikitozwa maegesho, mara nyingi huzidi bei ya kipuri chenyewe.

Pasipofaa kubana

Yapo mambo machache ambayo mmiliki asiyataje hata kidogo anapojadiliana bei. Ekzosi na kikasha chake cha kupasha joto chumba cha rubani ni la kwanza: ufa ndani yake hupenyeza kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, ambayo humlaza rubani huku ndege ikiendelea kuruka vizuri. Mipira ya mafuta na oili iliyokakamaa ibadilishwe. Mifuniko ya matangi ya Cessna za zamani ikaguliwe ringi zake, kwa maana maji ya mvua yanayoingia kwenye petroli huizima injini baada tu ya kupaa, wakati mbaya kuliko wote. Magneto zifunguliwe kila saa 500 kama muundaji anavyotaka. Nyaya za usukani zipitishwe kitambaa ili kutafuta nyuzi zilizokatika. Na kipaza-ishara cha dharura kiwe cha masafa ya 406, kimesajiliwa kwa jina lako, na betri yake haijapita tarehe iliyoandikwa ubavuni. Setilaiti ziliacha kusikiliza masafa ya zamani ya 121.5 mnamo Februari 2009, na ndege iliyoanguka porini ikiwa na kifaa cha zamani pekee haitaonekana na setilaiti yoyote.

Mkikosana

Ankara ikija kubwa kuliko makadirio, usianze na hasira. Omba mchanganuo wa saa na vipuri, kila kimoja na sababu yake, uulinganishe na idhini ulizotoa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa maelezo yanayohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Kwa upande mwingine, sheria inatambua haki ya fundi kuizuia mali aliyoifanyia kazi iliyoagizwa mpaka alipwe. Kwa hiyo njia iliyo salama kwa kawaida ni kulipa sehemu isiyobishaniwa, kueleza kwa maandishi sehemu unayoipinga, na kupendekeza mtu wa tatu mwenye leseni aitazame kazi. Dai lisilozidi shilingi milioni moja laweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo taratibu zake ni nyepesi na wakili si lazima.

Malalamiko kuhusu usalama, kama vile kazi iliyotiwa saini bila kufanywa au kipuri chenye cheti cha kutilia shaka, yapelekwe kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nayo hayapaswi kutumiwa kama silaha ya kupunguziwa bei. Mamlaka hiyo haiamui mizozo ya fedha. Vitabu vya kumbukumbu za ndege huenda na ndege na ni sehemu ya mali yako. Kabla ya kuviacha katika ofisi ya karakana, piga picha ya kila ukurasa, na uombe risiti ya kuvipokea yenye tarehe na jina la aliyevipokea.